Ukoka wa nyumbani, kiangazi hadi masika

Wenye ukoka uani huku Dar na pwani kwa jumla, Januari na Februari usiwe na haraka ya kufyeka. Jua ni kali, na majani yakikatwa kipara udongo unabaki wazi, unakauka, magugu yanapata nafasi. Acha urefu wa sentimita 4 hadi 5, na usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo.

Kumwagilia, mara mbili kwa wiki alfajiri inatosha, ila uloweshe kweli. Chomeka bisibisi ndefu ardhini: ikizama sentimita 10 hadi 15 bila kulazimisha, maji yamefika. Kurashiarashia kila jioni kunaifanya mizizi ibaki juujuu tu.

Mwanzoni mwa Machi, kabla mvua hazijakolea, tawanya samadi iliyooza vizuri, tabaka jembamba. Mbichi inaunguza na kukuletea mbegu za magugu. Mnaotumia urea, ile mbolea ya dukani, imwageni majani yakiwa makavu kisha mwagilieni papo hapo.

Masika yenyewe kazi kubwa ni kuondoa gugu la ndago. Ukiing'oa kwa kuvuta majani, vile vinundu vyake vyeusi vinabaki chini na kuchipua upya. Subiri udongo ulainike, ingiza kisu kirefu pembeni ya shina, uitoe na vinundu vyote. Usivitupe kwenye mboji, vitaota huko huko.

Kipupwe ukoka hukua taratibu. Fundi bustani akitaka kuja kila wiki, mwambie kila wiki tatu yatosha, labda kama mnapenda maongezi.