Kabla hujakaa na Marasta wa Mbeya

Kijana anayetaka kuingia kwenye Urasta hapa Mbeya mara nyingi huanzia sokoni Mwanjelwa: ananunua kofia ya kufuma yenye kijani, njano na nyekundu, halafu ndipo anauliza rangi zile ni za nini. Ni za Ethiopia, alikotawazwa tarehe 2 Novemba 1930 Mfalme Haile Selassie, ambaye Marasta wengi humwona kama Masihi. Hilo lijue kabla hujanunua chochote.

Pili, jua umekaribishwa na watu wa nyumba ipi, yaani tawi lipi la Urasta. Nyabinghi ni watu wa ngoma na nyimbo za usiku. Bobo Ashanti hufunga kilemba na kuishika Sabato. Makabila Kumi na Mawili husoma Biblia sura moja kila siku. Kuuliza si utovu wa adabu. Kumwita mzee "oya" ndio utovu. Mwamkie shikamoo kama mzee mwingine yeyote, hizo salamu za Kirasta za "Jah bless" zitafuata.

Ngoma za Kirasta ziko tatu: besi, funde na ripita. Usiikimbilie ripita, ile inayochombeza juu ya zenzake. Hiyo hushikwa na mkono uliokomaa. Mgeni atakaa na funde: mapigo mawili, kimya, mapigo mawili, kimya, mpaka viganja viwake moto. Ukiharakisha, duara zima linakusikia.

Chakula hakitakusumbua. Aitali, yaani chakula cha Kirasta, haina nyama, na wengi hawatii chumvi, lakini kwenye maharage, ndizi za Tukuyu na parachichi la Rungwe nani atalala njaa?

Nyumbani je? Kama mama ni mshirika wa Kanisa la Moraviani, asikie kwako kabla hajasikia kwa jirani. Ukiwa bado sekondari, subiri umalize ndipo ufuge nywele. Funde hupigwa hata na mwenye upara. Ukishafuga, baridi yetu ya Juni na Julai haina mzaha: rasta nene zikioshwa jioni hulala mbichi na kunuka ukungu. Osha asubuhi ya jua, kamua moja moja kwa taulo kuanzia kwenye shina, na kofia ikae pembeni mpaka zikauke hadi ndani.

Bangi ni kosa kwa sheria ya dawa za kulevya ya 2015, na Urasta si kinga mbele ya polisi. Wapo Marasta wasiovuta kabisa. Ukifika mahali hakuna Biblia, ngoma wala mazungumzo, ni moshi tu, hapo umepotea njia, aga mapema.