Kujenga Reli ya Mfano kwa Moduli: Jinsi Kikundi Kinavyoweza Kuanza na T-TRAK

Wapenzi wa treni za mfano wanaweza kuwa na reli moja ndefu bila yeyote kati yao kuwa na chumba cha kuiweka, mradi kila mmoja atengeneze kipande chake, yaani moduli, nyumbani na vipande vyote viunganishwe mezani siku ya kukutana. Kwa kikundi kinachoanza napendekeza mfumo wa T-TRAK, uliobuniwa na Lee Monaco-FitzGerald kutokana na moduli za mezani alizoziona Japani. Moduli zake ni visanduku vyepesi vya plaiwudi vinavyokaa juu ya meza ya kawaida, na reli zake ni za aina ya Unitrack kutoka kampuni ya Kato, ambazo viungio vyake vya plastiki ndivyo vinavyoshikilia moduli moja na nyingine.

Uwiano wake ni N, yaani 1 kwa 160, wenye reli zilizoachana kwa milimita 9. Upana huo unaifaa sana reli ya kisasa (SGR) ya Kenya na ya Tanzania, kwa kuwa upana wake wa milimita 1,435 ukigawanywa kwa 160 hupatikana takriban 9. Reli ya zamani ya upana wa mita moja ingehitaji milimita 6 na robo, hivyo anayetaka kuonyesha stesheni ya Voi au Tabora ya enzi hizo hana budi kukubali njia iliyo pana kuliko ilivyokuwa.

Kabla ya mtu yeyote kushika msumeno, kubalianeni kuhusu ncha za moduli, na muandike makubaliano hayo. Ncha ni mali ya kikundi kizima, ilhali kilicho katikati, iwe mlima, soko au shamba la mkonge, ni hiari ya mwenye moduli. Moduli moja ya kawaida ina urefu wa milimita 308, lakini reli zake zina milimita 310, kwa hiyo hutokeza milimita 1 kila upande. Nafasi hiyo ndogo isidharauliwe, maana ndiyo inayoziwezesha reli kukutana kabla mbao hazijagusana. Moduli maradufu ina milimita 618. Njia ni mbili, na vitovu vyake huachana kwa milimita 33, ambayo ndiyo tofauti ya nusu-vipenyo vya kona, yaani 282 na 315. Umbali wa reli kutoka ukingo wa mbele nao upimwe kwa kigezo kimoja cha ubao kinachopitishwa kwa wanachama wote, badala ya kila mtu kutegemea rula yake.

Meza hazilingani, kwa hiyo kila pembe ya moduli iwekewe bolti inayozungushwa kutoka chini ili kupandisha au kushusha. Kimo cha kuanzia, kutoka mezani hadi uso wa moduli, ni milimita 70.

Kwenye umeme ndiko ninakosisitiza zaidi. Waya wa bluu huenda kwenye reli ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa, na mweupe kwenye reli mbili za kati: bluu, nyeupe, nyeupe, bluu. Mwanachama mmoja akizigeuza, mzunguko mzima utapata shoti, na kumtafuta mwenye kosa kati ya moduli ishirini ni kazi ngumu. Basi kila moduli ipimwe kwa mita ya umeme kabla ya kuunganishwa. Kwa kuwa umeme hupungua kadiri unavyopita kwenye viungio, mzunguko mrefu ulishwe umeme katika sehemu zaidi ya moja.

Siku ya kukutana, anzeni na kona nne, kisha jazeni pande mkihakikisha kwamba pande zinazotazamana zina urefu sawa, la sivyo duara halitafunga. Pitisheni injini moja polepole kwenye kila kiungo, halafu behewa refu kuliko yote mliyo nayo, kwani hilo ndilo litakaloonyesha ukuta au mti uliosogezwa mno karibu na njia. Wekeni pia viungio vya akiba, kwa sababu huvunjika wakati wa kubomoa, hasa moduli zinapopindishwa badala ya kuvutwa moja kwa moja.