Kuchora tatuu kwa kipato Mwanza: hatua kwa hatua

Siku ya kwanza kila tatuu hupendeza. Laini, yaani mistari ya mchoro, ni nyeusi tii, mteja anafurahi, picha ya simu inatoka vizuri. Kazi halisi inaonekana baada ya wiki nne, ngozi ikishafunga, pale jamaa zake kijiweni Mlango Mmoja wanapomuuliza nani kakuchora. Jibu analolitoa siku hiyo ndilo linaloleta wateja wengine. Kwa hiyo hatua zote hapa chini zinalenga jambo moja: tatuu ipone vizuri.

Hatua ya 1: Chanjo kabla ya mashine

Pima homa ya ini B, kisha uchanjwe. Dozi ni tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya miezi sita baada ya ile ya kwanza. Pia ujue mapema kituo cha afya kinachotoa dawa za kinga ya VVU kilicho karibu nawe. Sindano iliyotumika ikikuchoma, una saa 72 za kuanza dawa hizo, na ukiwahi zaidi ndiyo bora. Zinamezwa siku 28. Anayeanza kuulizia kituo akiwa tayari ameshachomwa amechelewa.

Hatua ya 2: Vifaa

Nunua mashine ya umbo la kalamu inayotumia betri, na betri mbili. Umeme ukikatika katikati ya laini ndefu, mashine ya waya inakuacha na mteja aliyechorwa nusu.

Sindano ziwe za katriji, za kutumia mara moja na kutupa, zenye utando ndani unaozuia wino na damu kurudi kwenye mashine. Katriji za bei ya chini kupita kiasi mara nyingi hazina utando huo. Jifunze kusoma boksi. 1207RL maana yake: 12 ni unene wa kila sindano, yaani milimita 0.35; 07 ni idadi ya sindano; RL ni za duara, za kupigia laini. Ikianza na 10, unene ni milimita 0.30. Za kuanzia ni 1205RL, 1207RL na 1209RL, pamoja na magnamu moja, yaani katriji ya sindano zilizopangwa bapa, ya kutia kivuli. Aina nyingine zisubiri.

Wino: mweusi tu kwa mwaka wa kwanza, chupa iwe na lakiri, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wino wa kalamu au wa dukani kwa vifaa vya shule usiingie mwilini mwa mtu. Ukitaka kuuzimua kwa ajili ya kivuli, tumia maji ya sindano ya famasi, yale ya vichupa vya mililita 10. Maji ya bomba hapana, hata yakiwa meupe.

Vingine vinajulikana: glavu za nitraili, vikombe vidogo vya wino, nailoni ya kufungia chakula, tishu, spiriti ya asilimia 70, sabuni ya maji isiyo na manukato, nyembe za kutupa, na sefti boksi ya kuwekea sindano. Boksi likijaa robo tatu, funga. Panga mapema na zahanati yenye kichomea taka walichukue. Jalala la mtaa lina watoto wanaookota.

Hatua ya 3: Mkono

Anza na ngozi bandia yenye unene wa milimita 3, kisha ngozi ya kitimoto kutoka buchani, iliyonyolewa na kuoshwa. Asiyegusa kitimoto abaki na ngozi bandia. Hakosi kitu kikubwa.

Wino unakaa kwenye kina cha milimita 1 hadi 2. Kwa laini, weka mashine kati ya volti 7 na 8, halafu mwendo wa mkono ufuate mashine. Ngozi ivutwe pande tatu: vidole viwili vya mkono usio na mashine, na kiganja cha mkono wenye mashine. Ukiona laini inakatikakatika, mkono una haraka au sindano haifiki. Ukiona kivuli cha bluu kinatambaa pembeni mwa laini, umezama mno au umelaza sindano, na hiyo huwezi kuifuta. Unaweza tu kuificha kwa kuchora kivuli juu yake. Matuta yanatokana na kupita palepale mara nyingi. Mara mbili zinatosha. Pakigoma, acha, umalizie baada ya mwezi.

Hatua ya 4: Chumba

TIN unapata TRA, leseni ya biashara unapata halmashauri. Angalia uko upande gani: Kirumba ni Manispaa ya Ilemela, Mlango Mmoja na Makoroboi ni Jiji, yaani Nyamagana. Chumba kiwe na sakafu ya kuoshwa, maji yanayotiririka na taa mbili. Feni isielekee kwenye kidonda.

Meza na kiti vifutwe kwa Jik. Ile ya asilimia 3.5 unachanganya kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, unapaka mezani na kitini, unaacha dakika 10, ndipo unafuta. Mchanganyiko wa jana umwage, nguvu imeshapungua. Kama una kifaa cha chuma kinachogusa damu, kinahitaji mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kuchemsha kwenye sufuria si kutakasa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na mbegu za pepopunda zinavumilia hata 100.

Hatua ya 5: Maswali kabla ya kushika wembe

Umri, kwa kitambulisho: chini ya miaka 18, hapana, hata akija na dada yake. Kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, ujauzito, pombe ya leo. Kwa vijana, hasa wanachuo wa Nyegezi, uliza kama wanafikiria kuomba kazi polisi au jeshini, maana matangazo ya ajira hizo yamekuwa yakikataa wenye tatuu. Kama ni jina, aliandike mwenyewe kwenye karatasi, herufi kwa herufi, na aweke sahihi. (Kama ni jina la mpenzi wa miezi miwili, tunashauri ua.)

Swali zito kuliko yote ni la kovu linalovimba. Muulize makovu yake ya zamani yakoje: kutoga sikio, upasuaji, chunusi za kidevuni. Kovu lililokua likapita mpaka wa jeraha lenyewe ni keloidi, na mtu huyo usimchore, hasa kifuani, begani na shingoni. Ngozi nyeusi ina mwelekeo huo zaidi. Usidanganyike na jaribio la kuchora alama ndogo na kuitazama wiki mbili, keloidi inaweza kuchukua miezi kujitokeza.

Ngozi nyeusi pia inaamua mchoro. Rangi ya ngozi iko juu ya wino, kwa hiyo unautazama wino kupitia kwenye ngozi. Tumia laini nene, za sindano 7 au 9, na uache nafasi tupu za kutosha. Ngozi yenyewe ndiyo mwanga wako. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 1 au zaidi, maana laini hunenepa kidogo mwaka hadi mwaka na tundu la "e" huziba. Mteja akikuletea picha ya mtu mweupe kutoka mtandaoni yenye kivuli chepesi cha kijivu, ichore upya kwanza. Na kosa la wengi: wino ukionekana hafifu, wanaongeza kina. Hauongezeki weusi, linaongezeka kovu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ale kwanza. Nyoa, osha, futa kwa spiriti, kausha, bandika mchoro wa kufuatisha (stensili), acha dakika 10 hadi 15 ukauke kabisa; kwa joto la mchana jasho linaufuta. Anza chini kwenda juu ili usifute sehemu ambayo hujachora. Kandamiza tishu, usisugue. Fungua katriji mbele ya mteja.

Hatua ya 7: Uponaji, na ziwa

Kuosha mara mbili au tatu kwa siku, kupaka mafuta kidogo sana, kutobandua magaga. Ngozi ya juu inafunga wiki mbili hadi tatu, na muda huo wote asiingie ziwani: kuloweka kunang'oa magaga pamoja na wino, na maji ya ufukweni yana vijidudu vya kutosha.

Kwa mvuvi, agizo hilo ni kumwambia asile. Basi mpangie kwa kuangalia mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwenye mbalamwezi mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Mchore siku ya kwanza ya mapumziko, ambapo hata pesa bado ipo. Mapumziko hayo hayatoshi kupona kabisa, kwa hiyo mpe laini tupu, ndogo, bila kujaza weusi, kwenye mkono wa juu upande wa nje. Kiganja na kigasha vinasuguliwa na kamba. Akitaka simba wa kifua kizima, asubiri akiwa na kazi ya nchi kavu.

Hatua ya 8: Bei

Usipange bei kwa sentimita. Jumlisha vifaa vya kutupwa, ongeza saa zako zote, ukihesabu nusu saa ya kuandaa na ya kusafisha, kisha sehemu ya kodi. Tuseme vifaa ni 12,000, saa moja yako ni 15,000, kazi ni saa mbili pamoja na usafi, kodi ni 3,000 kwa mteja: 45,000. Akiomba 20,000 kwa mchoro huohuo, mpunguzie mchoro, usipunguze katriji. Chukua theluthi ya bei kabla ya kuandaa mchoro wake kwenye karatasi, na hairudishwi asipotokea.

Marekebisho mara moja bure, kati ya wiki nne na miezi mitatu baada ya kuchorwa. Iandike kwenye risiti. Akija, piga picha ya tatuu iliyopona kabla ya kuigusa. Hizo ndizo za kumwonyesha mteja anayefuata.