Namna ya Kuvika Utando Mwembamba Seli za Insulini Kabla ya Kuzipandikiza

Vishungu vya seli za kongosho vinavyotoa insulini, yaani visiwa vya Langerhans, kwa kawaida hupandikizwa kwa kuvitia katika mshipa unaopeleka damu kwenye ini kutoka utumboni, na huko sehemu kubwa huharibika mapema kwa sababu damu huganda kuvizunguka. Mwaka 1980 watafiti Lim na Sun walivifungia katika vidonge vidogo vya alijineti, yaani utomvu wa mwani, ili visishambuliwe na kinga ya mwili, na kuwasaidia panya wenye kisukari. Lakini kidonge cha aina hiyo hufikia mamia ya mikromita, ilhali kisiwa chenyewe huwa na wastani wa mikromita 150, hivyo oksijeni husafiri mbali mno kuzifikia seli za katikati. Ndiyo maana hapa tunaeleza utando wa polithilini glikoli, polima inayoyeyuka majini, unaoshikamana na uso wa seli wenyewe.

Viache visiwa vipumzike katika kiowevu cha kukuzia angalau usiku mmoja baada ya kutenganishwa, kisha vioshe mara kadhaa kwa bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike, isiyo na seramu wala protini yoyote. Usiharakishe hatua hii: polithilini glikoli yenye esta hai, yaani ncha ya kemikali inayojiunga upesi, hushika vikundi vya amini (sehemu zenye nitrojeni) vya protini za uso wa seli, na protini iliyosalia katika kiowevu itainyakua kabla haijafika inapohitajika. Kwa kuwa esta hiyo huvunjwa na maji, na huvunjika upesi zaidi pH ikipanda, iyeyushe dakika ileile ya kuitumia, katika pH ya kati ya 7.4 na 8. Tikisa taratibu, kwa maana visiwa hupasuka kwa urahisi, kisha osha tena. Heparini, dawa inayozuia damu kuganda, inaweza kufungwa juu ya utando huo ili kuzuia mgando uliotajwa mwanzoni.

Kipimo ninachokiamini kuliko picha yoyote ya hadubini ni mwitikio kwa glukosi. Weka visiwa katika glukosi ya milimoli 2.8 kwa lita, kisha 16.7, na ulinganishe insulini inayotoka na ile ya visiwa visivyovikwa vya kundi lilelile. Ikiwa imepungua au imechelewa, punguza kiasi cha polithilini glikoli au muda wa kuvika, hata kama utando unaonekana kamili. Kumbuka pia kwamba seli huufanya upya uso wake, hivyo utando hupungua kadiri siku zinavyopita, na mgonjwa asiachishwe dawa za kupunguza kinga kwa kuutegemea.