Jinsi ya kujua kama wanafunzi wameelewa maendeleo endelevu au wamekariri tu

Nafundisha jiografia, na kwa miaka mingi nilijidanganya. Kila mtihani wanafunzi waliiandika neno kwa neno ile fasili ya maendeleo endelevu ya Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa ya 1987, yaani kukidhi mahitaji ya leo bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi yao, nami nikawapa alama zote. Kisha nikapita uani, nikakuta bomba linamwaga maji na walewale wa alama zote wamekaa pembeni wanapiga soga.

Sasa naanza kupima kabla ya kufundisha. Andaa dodoso la sentensi kumi na mbili hivi, kila moja ijibiwe kwa ngazi, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Nne zihusu anachojua, nne anachothamini, nne anachofanya. Mgawanyo huo si wangu, watafiti wa Sweden wameutumia sana. Na katika kila nne, gusa mazingira, jamii na uchumi. Wengi wetu tunateleza hapo: tunauliza miti na taka, basi. Usitake majina. Mara ya kwanza nilitaka majina, na darasa zima likawa malaika.

Mada ikiisha, subiri wiki kadhaa ndipo urudishe dodoso lilelile. Ukilitoa kesho yake utapima kumbukumbu. Ukiweza, lipe pia darasa ambalo halijasoma mada hiyo, upate cha kulinganisha. Alama za vijana wa miaka 15 hivi zikiwa chini kuliko za wadogo zao, usijilaumu haraka. Huko Sweden nako iliwahi kuonekana hivyo.

Dodoso haliingii ndani sana, kwa hiyo wape mgogoro. Kiwanda kinachafua mto, na nusu ya mji inaajiriwa nacho. Kifungwe? Jibu lenyewe halina uzito. Anayesema "kifungwe" akanyamaza bado hajafika. Anayeuliza wafanyakazi wataenda wapi, nani atalipia kuusafisha mto, na wanaoutumia huko chini wamesikilizwa na nani, huyo mpe alama hata kama hafikii uamuzi.

Mwisho wa dodoso acha mistari mitatu mitupu waandike watakacho. Mwaka jana mmoja aliandika: "Bomba la uani halifungiki. Tumesharipoti mara mbili." Nilikwenda kulijaribu mwenyewe. Mpira wa ndani ulikuwa umekwisha.