Vidukari kwenye sukuma wiki: geuza jani kwanza

Ukiona majani ya sukuma yamejikunja na yananata, usikimbilie duka la pembejeo. Geuza jani. Vidukari hujazana upande wa chini kama unga wa kijivu, ndiyo maana wengi hupulizia juu juu kisha wanalalamika dawa haifanyi kazi.

Changanya lita 1 ya maji na kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ile ya unga ya kufulia huunguza majani. Mimi niliharibu tuta zima hivyo. Pulizia jioni, jua likishapoa, mpaka chini ya jani pachuruzike. Sabuni humuua mdudu aliyelowa tu, ikikauka haina kazi tena, kwa hiyo rudia baada ya siku 4 au 5. Osha majani vizuri kabla ya kupika.

Angalia na sisimizi wanaopanda shina. Hao hulamba utamu unaotoka kwa vidukari na huwalinda, kwa hiyo mwaga jivu kavu kuzunguka shina. Likilowa mvua, mwaga jingine.

Ukikuta kale kadudu kekundu kenye madoa meusi, kaache. Chakula chake ni vidukari haohao.