Somo: Mwanza hadi Bukoba kwa gari la umeme, na namna ya kupanga pa kuchajia

Wakuu, habari za jioni. Tangu niseme kwamba nimefika Bukoba na Nissan Leaf yangu ya umeme bila kupandishwa kwenye lori, swali ni lilelile: "Chaja ziko wapi?" Sikutumia chaja ya haraka hata moja. Mimi nililala gesti, gari likala soketi ya gesti. Kwa hiyo usianze kupanga kwa kilomita. Tafuta soketi ya kuaminika kwanza, halafu panga kulala hapo.

1. Jua tangi lako halisi

Leaf yangu ni mtumba wa Japan, betri ya yuniti 40 za umeme (kilowati-saa) kwa maandishi. Imeshachoka kidogo, nikijaza pomoni napata kama yuniti 31 za kutumia. Kwa mwendo wa 80 inakula yuniti 16 kila kilomita 100. Kwa hesabu ya karatasi, betri ikijaa ni kilomita 190. Mimi nahesabu 150, hizo nyingine ni za upepo, mvua na vilima.

Ile namba ya kilomita kwenye dashibodi ni ya kubahatisha. Inaangalia ulivyoendesha jana, haijui mlima wa kesho. Ukitoka kwenye foleni ya mjini itakuahidi 220, ukishika barabara wazi inaanza kuzila mbilimbili. Soma asilimia, achana na kilomita. Na kabla ya safari jaza betri, nenda Magu urudi kwa mwendo wako wa kawaida, uone imekula asilimia ngapi. Hiyo ndiyo namba yako, usiazime yangu.

2. Kata njia vipande

Mwanza hadi Geita ni kama kilomita 115: unashuka Usagara, unavuka daraja la Kigongo–Busisi, Sengerema, umefika. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kupanga foleni ya kivuko huku unatazama jua. Nilifika Geita na asilimia 40.

Geita hadi Chato, kupitia Katoro na Buseresere, inazidi 110 kidogo. Hakuna cha kusimulia, isipokuwa pikipiki za Katoro, ambazo zinakatiza kama dagaa.

Chato hadi Muleba ndicho kipande cha kukiheshimu. Ni karibu kilomita 150, na mbele ya Kyamyorwa unaacha usawa wa ziwa na kuanza kupanda. Kwa gari la uzito wa Leaf, kila mita 100 za kwenda juu zinakula karibu nusu yuniti juu ya matumizi ya kawaida. Hapa niliteremsha mwendo hadi 65, na ulaji ukashuka mpaka 13 au 14 kwa kilomita 100. Basi zilinipita zikanipigia honi, nikazipungia mkono. Nilifika Muleba na asilimia 30. Ningekwenda na 80 yangu ningefika na 20 na jasho.

Muleba hadi Bukoba ni kama 70, na mteremko wa kuingia mjini unakurudishia kidogo ulichotumia kupanda.

Jumla ni siku tatu na ushee. Basi linakwenda kwa siku moja, najua, msinikumbushe.

3. Piga simu uulize soketi, siyo chumba

Soketi ya kawaida ya pini tatu ni ya ampea 13, lakini waya wa kuchajia wa kubebeka huvuta 10 hivi, yaani kilowati 2.3. Ukitoa kinachopotea, betri inapata kama yuniti 2 kwa saa. Kutoka asilimia 40 hadi kujaa ni saa tisa au kumi. Ndiyo maana kulala na kuchaji ni kitu kimoja.

Nikipiga gesti naomba wanitumie picha mbili: ya soketi iliyo karibu na maegesho, na ya mita ya LUKU. Kwenye soketi natafuta alama nyeusi za kuungua. Halafu nauliza kama nyumba ina ethi, ule waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini. Mhudumu akisema "ipo bosi" kwa haraka mno, jua haipo. Waya mzuri wa kuchajia hukataa kazi pasipo ethi, taa nyekundu inawaka na mjadala umekwisha. Hapo anaitwa fundi, siyo kuidanganya waya.

Ekstensheni iwe nene, na ile ya kuzungusha kwenye gurudumu uikunjue yote hata kama unahitaji mita tatu. Ikibaki imeviringishwa inapata moto mpaka plastiki inayeyuka. Baada ya dakika 20 shika plagi. Uvuguvugu sawa. Ikikuchoma, chomoa.

Kwa wenye haraka: gari lenye chaja ya ndani ya kilowati 6 halina haja ya kulala kila kituo. Tafuta mashine ya kusaga au fundi wa kuchomelea mwenye fezi tatu, mwombe fundi umeme akutolee fezi moja na nyutro kwenye soketi ya ampea 32, ile ya buluu. Saa tatu zinatosha kazi ya usiku mzima. Usichomeke mwenyewe kwa kubuni: kati ya fezi na fezi kuna volti 400.

4. LUKU

Hili lilinigharimu nusu siku. Chato, gesti moja ambayo jina nalihifadhi, nilichomeka saa kumi na mbili jioni nikalala kama mfalme. Alfajiri nakuta gari liko asilimia 61. Yuniti za nyumba ziliisha usiku, vyumba vyote mita moja, na kila mtu aliamini umeme umekatika mtaa mzima. Asilimia 61 ni yuniti 19, hazinifikishi Muleba. Nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza tarakimu 20 mwenyewe nimesimama juu ya kreti ya soda kwa sababu mita iko juu ya mlango, nikasubiri mpaka saa saba mchana.

Siku hizi nikifika naomba namba ya mita na kununua yuniti 25 zangu mbele ya mwenye nyumba. Kwa bei ya shilingi 356 kwa yuniti ni kama 8,900. Yeye anafurahi, mimi nalala.

5. Siku ya safari

Ondoka alfajiri, hewa ikiwa baridi. Betri ya Leaf kama yangu haina mfumo wa kupoza, kwa hiyo baada ya kipande kirefu iache ipumue kama saa moja kabla ya kuchomeka. Vijiji vya 50 vyenye askari wa tochi ni rafiki zako. Karibu na matuta achia pedali mapema, gari lijipunguze lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Nyakato: Mkuu, waya uliokuja na gari kutoka Japan unafaa?*
Geuza kile kiboksi usome nyuma. Ukikuta volti 200 peke yake, usiuamini kwenye 230 yetu usiku kucha. Nunua ulioandikwa hadi 240, na hakikisha kichwa cha upande wa gari ni cha aina yako.

*Kutoka Musoma: Kaka, huku kwetu je?*
Dada, kwenu ni rahisi zaidi. Mwanza–Musoma ni kama 220, njia haina milima ya kutisha. Kituo kimoja Lamadi au Bunda kinatosha. Mimi ningechagua Lamadi, gesti ni nyingi na unakula sato wakati gari linakula lake.

*Kutoka Sengerema: Kwa nini usibebe jenereta?*
Ili nichome petroli nikwepe petroli? Halafu nyingi za kubebeka hazina ethi iliyounganishwa, waya utakataa.

*Kutoka Igoma: Na sola juu ya paa?*
Paneli ya wati 400 kwa saa tano za jua kali ni yuniti 2. Ni kilomita 12. Utafika, ila sisemi mwaka gani.

*Kutoka Bukoba: Umeme ukikatika huko kote siku hiyohiyo?*
Kwa miaka mingi Bukoba imepata umeme wake kutoka Uganda, kwa hiyo Geita ikizimika haimaanishi na nyinyi mko gizani. Ila ndiyo, ndiyo maana sifiki kituo chochote chini ya asilimia 20. Nikikuta giza, ninazo kilomita 30 za kutafuta mtaa wenye mwanga.

*Kutoka Geita: Shikamoo mzee. Nikichaji mvua ikinyesha?*
Marahaba mwanangu. Upande wa gari umetengenezwa kwa mvua. Wasiwasi ni soketi na kile kiboksi katikati ya waya: soketi iwe ndani, kiboksi kining'inie, kisilale kwenye dimbwi.

*Kutoka Buswelu: Likizima kabisa njiani?*
Kabla halijazima utaona taa ya kobe, gari linapoteza nguvu makusudi. Hapo tafuta nyumba yenye nguzo, usitafute ubishi. Likishazima, usikubali kamba ya kuvutwa na Fuso: magurudumu ya mbele yakizunguka yanaizungusha mota nayo. Lipandishwe lote juu ya gari la kubebea, au yale ya mbele yanyanyuliwe.